‘Kuita’ Si ‘Kutuma’: Kiswahili Ndani ya Mashine Ndogo

Katika kijiji kimoja kinachotazamana na kisiwa cha Chale, upo msikiti mdogo wenye tangi la maji juu ya nguzo nne. Maji hupandishwa na pampu ya umeme kutoka kisimani, na kwa miaka mingi kazi ya kuizima pampu hiyo ilikuwa ya yeyote aliyesikia maji yakimwagika. Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa akisomea elektroniki katika chuo kimoja cha ufundi, alijitolea kuiondoa adha hiyo. Alinunua kidhibiti kidogo, kile ambacho mafundi huita maikrokontrola au ‘chipu’ tu, akakiunga na vipimo vya maji, rilei ya pampu na kioo kidogo cha kuonyeshea maandishi. Kilifanya kazi vyema. Tangi lilipojaa kilizima pampu na kuandika kiooni: TANK FULL.

Wazee wa msikiti walishukuru, kisha mmoja wao akauliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya: “Mbona kinasema Kizungu? Anayekisoma hapa ni nani?” Kijana aliona haya, akarudi nyumbani na usiku ule ule akabadilisha maandishi yote. TANK FULL ikawa TANGI LIMEJAA, NO WATER ikawa HAKUNA MAJI, PUMP ON ikawa PAMPU INAWAKA. Asubuhi maji yalikuwa yakitiririka uani. Kiooni yalionekana maneno TANGI LIM, kisha kioo kikafutika, kisha TANGI LIM tena, na pampu ikiendelea kuvuta.

Alipopeleka tatizo hilo chuoni aliambiwa na mkufunzi wake kwamba Kiswahili kina maneno marefu, kwamba kinajaza kumbukumbu ya chipu, na kwamba dawa ni kurudi kwenye Kiingereza. Alirudi kweli. Ndipo akaja kwangu, si kwa sababu najua elektroniki, bali kwa kuwa mimi ndiye mjomba, na kwetu Wadigo mjomba hana pa kujificha. “Mjomba,” aliniambia, “wewe unafundisha Kiswahili. Nimekiweka kwenye mashine, kikaiharibu.”

Ndugu msomaji, kauli hiyo ilinikaa moyoni kwa muda mrefu. Tumezoea kuambiwa kwamba Kiswahili hakifai kufundishia fizikia, au sheria, au udaktari. Hayo tunayo majibu yake, na tumeyarudia mpaka yamekuwa kama dua. Lakini kuambiwa kwamba herufi zetu zinamwaga maji ya udhu! Nilimwomba mpwa wangu anifundishe mashine hiyo tangu alifu, kwa Kiswahili, bila kuruka chochote. Tulichukua wiki tatu. Nitakayoyasema hapa ni matunda ya wiki hizo, na maoni yangu ni kwamba kosa halikuwa la Kiswahili kirefu bali la Kiswahili kisichokuwapo. Yaani, kijana hakuwa na maneno ya kuyaona yaliyokuwa yakitendeka ndani ya chipu yake, na maneno machache aliyokuwa nayo yalimwelekeza kombo.

Tuanze na nyumba. Chipu aliyotumia ni PIC16F877A, mojawapo ya vidhibiti vilivyosambaa mno katika vyuo kuanzia miaka ya 2000. Ndani yake kuna kumbukumbu ya programu yenye nafasi 8,192, na kila nafasi hubeba amri moja yenye biti 14. Nafasi hizi zimepewa nambari kuanzia sifuri, na nambari ya nafasi ndiyo anwani yake. Mashine ina kielekezi kimoja kinachoonyesha nafasi ya amri inayofuata. Waingereza hukiita kihesabio, jina ambalo naliona baya hata katika lugha yao, maana kazi yake si kuhesabu. Kwangu mimi ni kidole cha mtoto wa chuoni juu ya msahafu. Kidole kipo hapa, amri ya hapa inatekelezwa, kidole kinasogea mbele. Mara kwa mara amri husema, acha kusogea, ruka uende anwani fulani. Na mara nyingine husema, nenda anwani fulani, ufanye kazi iliyopo huko, kisha urudi hapa ulipotoka uendelee.

Amri hii ya mwisho ndiyo roho ya makala. Kazi inayofanyiwa huko iendewako naiita programu tanzu, kwa kufuata ‘kampuni tanzu’ ambayo wasomaji wa magazeti wanaifahamu. Kazi kama kuandika herufi moja kiooni huhitajika mara mia katika programu. Badala ya kuiandika mara mia, unaiandika mara moja mahali pamoja, na kila inapohitajika kidole kinakwenda huko na kurudi. Kiingereza huitaja amri hiyo kwa kitenzi chenye maana ya kuita, na sisi, kama kawaida yetu, tumekichukua kitenzi hicho na kukitafsiri kama kilivyo. Daftari la mpwa wangu limejaa ‘ita’. Hapa ita programu ya kioo, hapa ita programu ya kuchelewesha.

Hebu tujiulize, katika Kiswahili nikimwita mtu nini hutokea? Yeye huja, mimi nakaa. Aitwaye ndiye mwenye safari. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma ‘ita’ huiona programu tanzu ikitoka ilikokuwa, ikija pale alipo, ikifanya kazi mbele yake na kuondoka. Katika picha hiyo hakuna safari ya kidole, hakuna njia ya kwenda wala ya kurudi, na wala hakuna haja ya kukumbuka ulipotoka, maana hukutoka. Picha yote ni kinyume cha mambo yalivyo. Kitenzi chetu cha kweli tunacho, na kila mtoto aliyelelewa pwani anakijua kwa uzito wake: kutuma. Mtoto hutumwa dukani. Huenda yeye, duka haliji. Anayetumwa anatakiwa ajue mambo mawili, anakokwenda na anakorudi, na akisahau la pili nyumbani patakuwa na maneno.

Wapo watakaosema kwamba neno la Kiingereza limekwisha kuzoeleka ulimwenguni na si vizuri kuwa na maana tofauti nalo. Nawajibu kwa historia. Alan Turing, katika taarifa yake ya mwishoni mwa mwaka 1945 kuhusu mashine iliyokusudiwa ya ACE, alihitaji maneno ya kitendo hiki hiki, na maneno aliyoyatumia ni kuzika na kufukua. Ukienda unaizika anwani ya kurudia, ukirudi unaifukua. Huko Cambridge, ambako mashine ya EDSAC ilianza kufanya kazi mwezi wa Mei 1949, David Wheeler alitunga mbinu nyingine. Mashine yao haikuwa na mahali maalumu pa kuhifadhi anwani za kurudia, basi programu kuu iliondoka na anwani yake mkononi, na programu tanzu ikaanza kazi kwa kujiandikia mwishoni mwake amri ya kurudi kwenye anwani hiyo. Ni sawa na mtoto aliyeandikiwa jina la nyumba yao kiganjani. Mwaka 1951 Wheeler, pamoja na Wilkes na Gill, walitoa kitabu cha kufundishia kazi hiyo ya kuandika programu. Kiingereza chenyewe, basi, kilipapasapapasa. Kilikuwa na kuzika, kikawa na kuita programu kutoka maktaba yake ya programu tanzu kama mtu aagizaye kitabu rafuni, na la kuita ndilo lililobaki. Sioni kwa nini upapasaji wa wenzetu uwe sheria kwetu.

Turudi kwenye tangi. Maandishi ya kioo katika chipu hii hupangwa kwa njia ya ajabu kidogo. Kila herufi ni amri kamili inayosema, rudi ukiwa na herufi hii. T ina nafasi yake, A yake, N yake. Ukitaka herufi ya tano, unakituma kidole mwanzoni mwa jedwali, na hapo mwanzoni kuna amri ya kujumlisha: ongeza 5 kwenye anwani uliyopo. Kidole hurukia kwenye herufi ya tano, ambayo hukirudisha kilikotoka pamoja na herufi yake. Ni utaratibu mzuri. Dosari yake moja ni kwamba ujumlishaji huo hufanyika katika biti 8 za chini za anwani tu, na biti 8 huhesabu nafasi 256. Jedwali likivuka mpaka wa nafasi ya 256, hesabu haibebi kwenda mbele. Huanza upya kwenye sifuri, kama saa ipitavyo saa kumi na mbili ikarudi moja.

Herufi za Kiingereza katika maandishi yale matatu, pamoja na nafasi tupu kati ya maneno, ni 24. Za Kiswahili ni 37. Tofauti ni 13. Jedwali la mpwa wangu lilikuwa ndani ya nafasi 256 za mwanzo, na mwishoni zilikuwa zimebaki nafasi 9. Herufi 13 za ziada zikalisukuma nje ya mpaka kwa herufi 4, nazo ni E, J, A na A za mwisho. Kidole kilipotumwa kuileta E, hesabu ilizunguka na kukiweka nafasi ya sifuri, na nafasi ya sifuri ndipo programu nzima inapoanzia. Mashine ikaanza upya. Kila ianzapo, iliwasha pampu, ikapima tangi, ikaliona limejaa, ikaanza kuandika kabla ya kuzima, ikafika TANGI LIM. Na hiyo ndiyo siri ya uani kulowa.

Chipu yenyewe ilikuwa na nafasi 8,192, na programu ile haikufika 600. Kumbukumbu haikujaa hata chembe. Kusema kwamba Kiswahili kiliijaza ni sawa na mtu aliyejikwaa kizingitini kusema nyumba ni ndogo.

Dawa ya kwanza aliyoijaribu mpwa wangu, baada ya kulielewa hilo, ilikuwa kulihamisha jedwali mbali kabisa, kwenye robo ya mwisho ya kumbukumbu ambako hakuna kitu. Mashine ikaharibika zaidi! Na hapa ndipo palipo na somo ambalo, kwa maoni yangu, ni tamu kuliko yote.

Amri ya kutuma, kama nilivyosema, ina biti 14. Biti 3 zimekwisha kutumika kusema kwamba hii ni amri ya kutuma na si nyingine. Zinabaki 11 za kuandikia anwani. Biti 11 zinatosha anwani 2,048, ilhali nafasi ni 8,192, yaani mara nne zaidi. Watengenezaji walijua hivyo. Waliigawa kumbukumbu katika sehemu nne zenye nafasi 2,048 kila moja, na wakaweka pembeni rejista ndogo ambayo ndani yake programu huandika, kabla ya kutuma, ni sehemu ya ngapi inayokusudiwa. Anwani kamili huundwa kwa kuunganisha biti 2 za rejista na biti 11 za amri. Ni ubahili wa kawaida wa mashine ndogo. Intel, katika kidhibiti chake cha 8051 cha mwaka 1980, alikuwa na ubahili wa namna hiyo katika amri yake fupi ya kutuma, yenye biti 11 vilevile, ila aliweka pia amri ndefu inayobeba anwani nzima ya biti 16. Vidhibiti vya AVR vilifuata njia nyingine: amri yao fupi haitaji anwani kabisa bali umbali, nenda mbele hatua kadhaa au rudi nyuma hatua kadhaa kutoka hapa ulipo. Mtu wa Gazi hangeshangazwa na jambo hilo. Huku kwetu hakuna anayekuelekeza kwa nambari. Ukitoka barabara kuu ya Lungalunga unaambiwa, pita mkwaju, nyumba ya tatu baada ya duka. Na ukitaka kwenda Chale kisiwani wanakuuliza kwanza maji yametoka au yamejaa, kwa kuwa njia ya mchanga na njia ya mashua si moja.

Sehemu zile nne Waingereza huziita kurasa. Sisi nasi, bila kufikiri, tumeandika ‘ukurasa’. Ukurasa unamfunza nini mwanafunzi? Kitabu hufunuliwa. Ukifika mwisho wa ukurasa unageuza, unaendelea, hakuna hatari yoyote. Nilimwambia mpwa wangu afute ‘ukurasa’ aandike ‘mtaa’, kisha nikamuuliza: “Nikikutuma nyumba nambari 12, bila kukutajia mtaa, nawe umesimama Msambweni, utafika wapi?”

Akacheka. “Nitafika nambari 12 ya Msambweni, mjomba.”

“Na mimi nilitaka ya Ukunda.”

Alinyamaza kidogo, kisha akaichukua kompyuta yake. Alikuwa amelihamishia jedwali mtaa wa nne bila kuandika mtaa huo kwenye rejista. Kidole kilitumwa kwenye nambari ile ile ya nyumba katika mtaa wa kwanza, kikakuta kisichojulikana. Aliongeza amri mbili za kutaja mtaa, na jedwali likapatikana.

Lakini kurudi je? Mashine inapotuma, huiweka anwani ya kurudia, nzima, biti zote 13, mahali pa pekee. Kwa hiyo anayerudi hahitaji kuulizwa mtaa. Amepewa anwani yote tangu alipoondoka. Hilo ni jema, na ndilo linalohadaa. Kidole kilirudi salama mtaa wa kwanza, ila rejista ya mtaa bado ilikuwa imeandikwa ‘mtaa wa nne’, maana hakuna aliyeifuta. Amri iliyofuata ilikuwa ya kuruka tu, karibu hapo hapo, nafasi chache mbele. Mashine ikausoma mtaa kwenye rejista, ikauona wa nne, ikaruka ugenini. Ni kama mtu aliyerudi kwao akitokea Mombasa, ameketi barazani pake, lakini akiulizwa njia bado anaelekeza za Likoni. Mpwa wangu alilipata kosa hilo peke yake, kwa kujiuliza kwa sauti: “Nimerudi, sawa, lakini mdomo wangu unataja mtaa gani?” Sidhani angejiuliza hivyo kwa neno ukurasa.

Hili ndilo ninalolitetea mbele ya wanafunzi na wahadhiri wenzangu. Tunavyo vigezo vya istilahi, tunavikariri kila mtihani. PEGITOSCA ya Kiingi haina mwanafunzi wa shahada ya kwanza asiyeijua. Tunapima kama istilahi ni fupi, kama inazalika, kama inakubalika. Nadhani kuna kipimo kinachotupita, hasa katika istilahi za utendaji: je, neno hili linamfanya mwanafunzi aulize swali linalopaswa kuulizwa? ‘Mtaa’ huuliza, mtaa gani? ‘Kutuma’ huuliza, atarudi wapi? ‘Kuita’ na ‘ukurasa’ hayaulizi chochote. Yanaridhisha tu orodha.

Na orodha ndiyo maradhi yetu. Kwa miaka mingi tumebishana kama ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, nami sikatai kwamba mjadala ule ulikuwa na ladha yake, ila ulikuwa mjadala wa jina la sanduku. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, na walioifanya walitutangulia wote. Hata hivyo kazi za aina ile hutupatia maneno ya mtu anayekaa mbele ya mashine, maneno kama faili, hifadhi na chapa. Mtu anayeingia ndani ya mashine hatujamwandikia kitu. Tunamhesabu kuwa ni Mzungu au Mchina, au Mkenya aliyekwisha kuacha lugha yake mlangoni.

Hali ya Kwale inakanusha hesabu hiyo. Katika miaka ya 1980 mradi wa pampu za mkono wa pwani ya kusini ulieneza visima vyenye pampu za Afridev katika vijiji vya kuanzia Diani hadi Msambweni na kwingineko. Miongo mitatu baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakaja na kifaa cha kutiwa katika mpini wa pampu hizo hizo. Ndani ya kifaa kuna kipima mwendo, kichakataji kidogo na moduli ya simu. Mwanamke anapopampu, kifaa huhesabu mpini unavyopanda na kushuka, hukadiria maji yaliyotoka, kisha hutuma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu, ili pampu ikinyamaza fundi ajue. Mamia ya pampu za Kwale ziliwekewa vifaa hivyo. Tazama ilivyo: mpampuji ni Mdigo au Mduruma, fundi ni wa hapa hapa, maji ni ya hapa, na kati yao kuna programu inayotuma kidole huku na huko mara maelfu kwa siku, ambayo hakuna mmoja wao aliyepewa neno la kuielezea. Mita za umeme za tokeni ziko katika nyumba zetu. Sanduku dogo la sola la kulipia kwa simu liko kwa bibi yangu. Zote ni mashine ndogo za jamii hii.

Sitaki kuonekana kama nimelimaliza suala. Mahali pale anwani za kurudia zinapowekwa pamenishinda. Katika chipu hii ni nafasi 8, zimepangwa moja juu ya nyingine kama sahani za karamu: inayowekwa mwisho ndiyo inayotolewa kwanza. Kidole kikitumwa kazini, na huko kikatumwa tena, na huko tena, kila safari inaacha sahani moja. Safari ya tisa kabla ya kurudi hata moja haina pa kuweka. Huifuta sahani ya kwanza kimya kimya, bila onyo, na kidole kitakaporudi mara nane hakitakuwa na njia ya kufika nyumbani. Wenye kamusi hutoa ‘rundo’. Rundo ni la takataka, halina mpangilio. Nilipendekeza ‘mpandano’, na mpwa wangu akainama akicheka, nikakumbuka kwamba mbuzi nao hupandana. Kipengele cha kuepuka matusi katika PEGITOSCA kimenikata mguu. Kwa sasa tunasema ‘rundo la marejeo’, na atakayetuletea bora tutamshukuru.

Wapo wahadhiri watakaouliza, je, mwanafunzi huyu hatalazimika kuusoma mwongozo wa chipu kwa Kiingereza hata hivyo? Atalazimika. Mpwa wangu anausoma kila siku, na sasa anauelewa. Sidai tuufiche. Ninachodai ni kwamba mtu huelewa jambo mara moja tu, katika lugha anayoiwazia, na baada ya hapo lugha nyingine zote ni majina. Aliyenyimwa ule uelewa wa kwanza hubaki na majina matupu, kisha siku maji yanapomwagika huilaumu lugha ya mama yake, na mwalimu wake humuunga mkono.

Pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo na halihitaji fedha. Badala ya kuwapa wanafunzi wetu orodha ya istilahi 200 wazitafsiri katika zoezi la muhula, tuwapeleke idara ya uhandisi, kila mmoja aketi na mwanafunzi mmoja wa huko kwa wiki tatu, amwombe aeleze kifaa kimoja kwa Kiswahili kitupu tangu alifu hadi mwisho. Istilahi zitakazozaliwa zitakuwa chache, pengine kumi, lakini kila moja itakuwa imekwisha kufanyishwa kazi. Maelezo hayo yachapishwe katika jarida hili kama yalivyo, na palipokwama paachwe wazi ili wengine wajaribu. Wahandisi nao watafaidi; mpwa wangu anaapa kwamba kosa lake la rejista ameliona baadaye katika programu za wenzake watatu, wote wakizungumza Kiingereza.

Kidhibiti cha msikiti kinaandika TANGI LIMEJAA, herufi zote 13, na pampu huzimika. Mzee aliyeuliza swali la kwanza amekuja na la pili: maji yakipungua wakati mashine inaandika ujumbe mwingine, itajuaje? Kwa bahati chipu inayo njia. Kipimo cha maji kinaweza kuisimamisha kazi yoyote katikati, kikakipeleka kidole anwani ya 4, mambo ya dharura yakafanywa, kisha kidole kikarudi palepale kilipokatizwa, kikiwa kimetumia sahani moja katika zile nane. Mpwa wangu amekwisha kuandika amri zenyewe. Neno ndilo hana. ‘Ukatizaji’ lasikika kama utovu wa adabu, naye asema jambo hili ni la heshima, ni kama mtu anayebisha hodi ukiwa katikati ya kula: unaacha tonge, unamwitikia, unarudi kwenye tonge lile lile. Kwa hiyo ameandika ‘hodi’ daftarini, na pembeni ameweka alama ya kuuliza, nami sijaifuta.